Abdul Kalam: rais wa namna gani, mwanasayansi wa namna gani?

Nilihudhuria mahafali ya kidato cha nne ambapo mgeni rasmi alisimulia habari za Abdul Kalam wa India. Mtoto wa maskini, akauza magazeti, akasoma kwa taabu, akatengeneza bomu la nyuklia, mwishowe akaitawala nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja. Makofi yalipotulia, binti mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Samahani mheshimiwa, aligombea kwa chama gani?" Ukumbi ukacheka. Mgeni rasmi akajibu kwamba chama si hoja, hoja ni juhudi, akaendelea na hotuba yake.

Binti yule aliuliza swali bora kuliko yote ya siku ile, na aliondoka bila jibu. Jibu ni kwamba Kalam hakuwa na chama chochote. Sasa mtu asiye na chama anapataje urais katika nchi yenye vyama vingi kama India? Uzi huo ukiuvuta, simulizi tunalotumiana kwenye simu linaanza kufumuka. Umaskini wake haukuwa ule unaosimuliwa, bomu halikuwa lake, na nchi hakuitawala kwa maana tunayoijua sisi. Na bado maisha yenyewe, yakisimuliwa yalivyokuwa, yananigusa zaidi.

Tuanze na neno maskini. Avul Pakir Jainulabdeen Abdul Kalam alizaliwa 15 Oktoba 1931 Rameswaram, mji mdogo katika kisiwa cha Pamban, kusini-mashariki mwa India, ng'ambo ya Sri Lanka. Ni mji wa hija kwa Wahindu, yaani wafuasi wa dini ya Kihindu (Wahindi ni watu wote wa India, wa dini yoyote). Baba yake, Mzee Jainulabdeen, alikuwa Mwislamu, imamu wa msikiti wa mtaani. Alikuwa na mashua iliyovusha mahujaji wa Kihindu kati ya Rameswaram na Dhanushkodi, mpaka kimbunga kilipoivunja.

Nyumba yao ilikuwa ya urithi, ya matofali na chokaa, na chakula hakikukosekana. Kilichokosekana ni fedha taslimu. Wengi wetu tunaijua hali hiyo: muhogo upo, samaki wapo, lakini ada ya shule ikitajwa watu wazima wanatazamana. Tukisema "alilala njaa" tunaongeza chumvi, na tunakipita kilichomzuia kweli, yaani gharama ya kuendelea na masomo.

Magazeti hayo aliyauza kweli. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, treni iliacha kusimama Rameswaram. Magazeti yakawa yanafungwa mafurushi na kurushwa nje treni ikiwa inakwenda, kwenye reli ya kuelekea Dhanushkodi. Binamu yake, Samsuddin, ndiye aliyesambaza magazeti mjini, na sasa alihitaji mtu wa kuyadaka. Akamchukua mdogo wake. Wakati huo huo wa vita kokwa za ukwaju zilipata soko ghafla, mtoto akawa anaziokota na kuziuza dukani, anapata anna 1 kwa siku. Wazee wa Zanzibar, ambako rupia ilitumika hadi 1936, wangelielewa hesabu hilo: anna 16 ndiyo rupia 1.

Kuna siku moja ya shule ambayo ningependa ijulikane kuliko hata magazeti. Mwalimu wake wa sayansi, Sivasubramania Iyer, alichora ndege ubaoni, akaeleza mbawa zinavyopiga hewa na mkia unavyogeuza mwelekeo. Alipouliza kama wameelewa, Kalam akasema hajaelewa, na wenzake vivyo hivyo. Mwalimu hakukasirika. Jioni aliwapeleka ufukweni, akawasimamisha mchangani wawatazame ndege wa baharini wakipaa, wakipinda, wakitua. Kalam alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipojua maisha yake yatahusu kuruka.

Mwalimu huyo huyo, Mhindu wa tabaka la Brahmin, alimwalika nyumbani kula. Mkewe akakataa kumpakulia mtoto wa Kiislamu jikoni kwake. Mwalimu hakugombana naye. Alimpakulia mtoto kwa mkono wake, akaketi kando yake wakala pamoja. Kisha akamwalika tena wiki iliyofuata, na safari hiyo mama mwenyewe ndiye aliyempakulia.

Alipopata nafasi ya kusomea uhandisi wa ndege mjini Madras, ada ilikuwa kama rupia 1,000, na baba hakuwa nazo. Dada yake, Zohra, akaweka rehani bangili na mkufu wake wa dhahabu. Chuoni alisoma kwa msaada wa ufadhili. Wakati fulani profesa wake hakuridhika na mchoro wa ndege aliokuwa akiusimamia, akampa siku tatu aurudie au ufadhili ufutwe. Kalam hakutoka kwenye meza ya kuchorea usiku ule. Juhudi ilikuwepo, tena kubwa. Lakini mkono mmoja haulei mwana, na hapa tunaiona mikono yenyewe: binamu, mwalimu, dada, ufadhili. Anayewaambia vijana kwamba Kalam alijitoa peke yake anamfuta Zohra na bangili zake.

Chuo hicho cha Madras kwa ufupisho kinaitwa MIT, Madras Institute of Technology. Hakihusiani na kile maarufu cha Marekani chenye ufupisho huo huo. Na "Dokta" iliyo mbele ya jina lake ilitokana na shahada za heshima alizotunukiwa na vyuo vikuu vingi; uzamivu wa kusomea darasani na kuutetea hakuwa nao. Alikuwa na shahada ya fizikia kutoka chuo cha St. Joseph's, Tiruchirappalli, kisha uhandisi wa ndege. Simsemi kwa kumpunguza. Hadhi yake haikutegemea herufi hizo.

Je, alikuwa mwanasayansi? Kwa matumizi ya kawaida ya neno, ndiyo. Kwa usahihi zaidi alikuwa mhandisi na kiongozi wa miradi. Mwanasayansi wa maabara huuliza kwa nini kitu kiko hivi; mhandisi huuliza tutakifanyaje kifanye kazi. Kipaji kikubwa cha Kalam kilikuwa kile cha fundi mkuu kwenye ujenzi wa ghorofa: anajua nani anasuka nondo, nani anamwaga zege, kazi gani itangulie, na anawafanya mafundi mia kadhaa wajenge jengo moja.

Sasa tufike kwenye fundo gumu. Roketi, setilaiti, kombora, bomu: maneno haya manne huvurugwa kila anapotajwa.

Roketi ni chombo kinachosukumwa na gesi inayotoka nyuma yake kwa nguvu. Jaza puto hewa, uliachie bila kufunga mdomo, uone linavyokimbia. Tofauti na ndege, roketi hubeba mafuta pamoja na kitu cha kuyafanya yawake, kwa hiyo inafanya kazi hata pasipo na hewa.

Setilaiti ni mzigo ambao roketi inaupeleka juu na kuuacha ukiizunguka dunia. Wengi hudhani inabaki huko kwa sababu imefika mahali ambapo dunia haivuti tena. Dunia inavuta. Rusha jiwe mbele kwa mkono, linatua hatua chache. Lirushe kwa manati, linafika mbali zaidi. Ungeweza kulirusha juu ya tabaka la hewa kwa kasi ya karibu kilomita 8 kwa sekunde, yaani Dar es Salaam hadi Morogoro kwa chini ya nusu dakika, jiwe lingekuwa linaanguka muda wote, lakini uso wa dunia ungekuwa unajipinda chini yake kwa kiasi kile kile. Linaanguka na halitui. Hiyo ndiyo setilaiti.

Kombora la masafa ni roketi ile ile, ila njia yake imepangwa irudi ardhini mahali palipochaguliwa. Bomu ni mzigo unaowekwa kichwani mwa kombora. Kombora ni bodaboda na bomu ni kifurushi kilichopakiwa. Anayejua kutengeneza pikipiki hajawa, kwa kujua huko, mtengenezaji wa kilicho ndani ya kifurushi.

Kalam alianza na roketi za amani. Mapema miaka ya 1960 Vikram Sarabhai, mwanafizikia aliyeanzisha juhudi za anga za India, alichagua kijiji cha wavuvi cha Thumba, kusini mwa nchi, kuwa kituo cha roketi ndogo za kuchunguza anga ya juu, kwa kuwa ikweta ya sumaku ya dunia, yaani mstari wa katikati kati ya ncha zake mbili za sumaku, inapita hapo. Pale palikuwa na kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena. Askofu alizungumza na waumini wake, nao wakaliachia eneo hilo, jengo la kanisa likawa ofisi. Ile picha maarufu ya watu wakisafirisha kichwa cha roketi kwa baiskeli ni ya Thumba, na ni ya kweli, ila roketi yenyewe ni hizo ndogo za uchunguzi. Haikuwa ya kupeleka setilaiti. Ya kwanza iliruka 21 Novemba 1963, nayo ilikuwa ya Kimarekani. (Pwani yetu nayo imo katika historia hiyo: 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru.)

Kazi iliyomjenga ilikuwa SLV-3, roketi ya kwanza ya India ya kupeleka setilaiti. Alikuwa mkurugenzi wa mradi. Ilikuwa na urefu wa mita 22 na uzito wa tani 17, ili kupandisha setilaiti iitwayo Rohini yenye kilo 35, pungufu ya mfuko wa saruji. Ilijengwa kwa vipande vinne, kila kimoja na mafuta yake, kama msafiri wa jangwani aliyebeba madumu manne ya maji: dumu likiisha analitupa, mzigo unapungua, anakwenda mbali zaidi.

Tarehe 10 Agosti 1979, kwenye kituo cha kurushia roketi cha Sriharikota, zikiwa zimebaki sekunde kama 40, kompyuta ilisimamisha hesabu. Kulikuwa na dalili ya kuvuja. Wataalamu wakamwambia mkurugenzi wao kwamba akiba inatosha, tuendelee. Kalam akaipuuza kompyuta na kuamuru irushwe. Kipande cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili kikapoteza mwelekeo, na baada ya dakika tano hivi kazi ya miaka mingi ilikuwa ndani ya Ghuba ya Bengal.

Waandishi wa habari walikuwa wanasubiri. Mwenyekiti wa shirika la anga, Profesa Satish Dhawan, hakumwacha Kalam akawakabili. Alikwenda mwenyewe mbele ya kamera, akasema tumeshindwa leo, nawaamini vijana wangu, watafaulu. Tarehe 18 Julai 1980 roketi iliruka tena na Rohini ikakaa kwenye mzunguko wake. Safari hii Dhawan alimwambia Kalam: nenda wewe ukazungumze na waandishi. Kalam aliisimulia habari hiyo maisha yake yote, na mimi kila nikiisoma nawakumbuka mabosi niliowaona wakifanya kinyume.

Mwaka 1982 alihamia upande wa ulinzi, kuongoza maabara ya makombora Hyderabad, na mwaka uliofuata mpango wa makombora matano ukaanza: Prithvi, Agni, Akash, Trishul na Nag. Agni iliporuka kwa mara ya kwanza 22 Mei 1989, kipande chake cha kwanza kilitokana moja kwa moja na SLV-3. Ndiyo sababu majirani huwa macho nchi inapofaulu kurusha setilaiti: iliyopeleka kifurushi angani inaweza kufunzwa kukirudisha chini.

Na bomu? Mlipuko wa kwanza wa nyuklia wa India, mwaka 1974, ulikuwa kazi ya wanafizikia wa nishati ya atomiki wakiongozwa na Raja Ramanna. Katika majaribio ya Mei 1998 huko Pokhran, jangwani Rajasthan, Kalam alikuwa mshauri mkuu wa kisayansi wa wizara ya ulinzi, mmoja wa waratibu wawili wakuu. Mwingine alikuwa R. Chidambaram, mkuu wa tume ya nishati ya atomiki, ambaye watu wake ndio waliokuwa na utaalamu wa nyuklia. Walifika jangwani wamevaa sare za jeshi ili setilaiti za wengine zisishtuke. Kalam alipewa jina la Meja Jenerali Prithviraj. Alikuwa katikati ya tukio na aliliunga mkono kwa moyo wote. Baba wa bomu hakuwa. Jina la "Mtu wa Makombora" ndilo linalomfaa.

Mtu ana haki ya kuuliza kama kazi hiyo ni ya kusifiwa. Nami najiuliza. Najua tu kwamba yeye mwenyewe alipoulizwa furaha zake kubwa alitaja jambo jingine. Daktari wa mifupa wa Hyderabad alitembelea maabara, akanyanyua kipande cha malighafi nyepesi iliyobuniwa kwa ajili ya Agni, kisha akampeleka Kalam wodini. Kulikuwa na watoto wenye ulemavu wa miguu wakiburuta vyuma vya kutembelea vyenye zaidi ya kilo 3. Ndani ya wiki tatu maabara ya makombora ikawatengenezea vingine vya gramu 300. Watoto wakaanza kuzunguka wodini, na wazazi wakalia.

Sasa urais. Kwetu Tanzania, kama ilivyo Kenya, rais ndiye anayeongoza serikali. India kiti hicho kina maana nyingine. Rais ni mkuu wa nchi. Mkuu wa serikali ni Waziri Mkuu. Fikiria harusi: mzee wa ukoo anakaa mbele, jina lake liko juu ya kadi, bila baraka zake shughuli haifungwi. Lakini bajeti, ukumbi na idadi ya sahani viko mikononi mwa kamati. Wazee wetu waliwahi kuishi na mpango unaofanana kidogo: kati ya Desemba 1961 na Desemba 1962 Nyerere, na baadaye Kawawa, walikuwa mawaziri wakuu, na Richard Turnbull akakaa Ikulu kama Gavana Mkuu kwa niaba ya Malkia.

Wananchi wa India hawampigii rais kura. Wanaomchagua ni wabunge na wajumbe wa mabunge ya majimbo, na kura zao hupewa uzito kulingana na idadi ya watu: mwaka 2002 kura ya mjumbe wa Uttar Pradesh ilihesabiwa 208, ya Sikkim 7, ya mbunge wa taifa 708. Kwa hiyo vyama vikikubaliana juu ya mtu, asiye na chama anaweza kupita. Muungano uliotawala chini ya Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee ulimpendekeza Kalam, na chama kikuu cha upinzani, Congress, kikamuunga mkono. Vyama vya mrengo wa kushoto vikamsimamisha Lakshmi Sahgal, daktari aliyewahi kuongoza kikosi cha wanawake wa jeshi la kupigania uhuru. Kalam alipata 922,884, Sahgal 107,366.

Miezi michache kabla yake Gujarat ilikuwa imetikiswa na mauaji ya kidini ambamo Waislamu wengi walikufa, na wapo waliosema serikali ilimtaka Mwislamu ili isafishe uso. Huenda siasa ilikuwepo. Siasa haikosekani kwenye uteuzi kama huo. Naye hakuwa Mwislamu wa kwanza Ikulu ya Delhi: Zakir Husain aliingia 1967 na Fakhruddin Ali Ahmed 1974. Kalam alipoapishwa 25 Julai 2002, ziara yake ya kwanza mikoani ilikuwa Gujarat.

Kwa hiyo anayeandika kwamba "Kalam aliinua uchumi wa India" anampa mzee wa ukoo sifa za kamati. Alichoweza ni kuonya, kushauri, na kurudisha muswada mara moja ufikiriwe upya. Mwaka 2006 alirudisha muswada uliowalinda wabunge wenye vyeo vingine vya malipo. Bunge likaupitisha tena vile vile, na kwa katiba akawa hana budi kutia saini. Alikuwa na makosa pia. Mei 2005 akiwa Moscow aliletewa usiku karatasi ya kuvunja bunge la jimbo la Bihar, akatia saini. Mahakama ya Juu ikaja kusema hatua ile ilikiuka katiba, naye alieleza baadaye kwamba alifikiria kujiuzulu. Maombi mengi ya msamaha ya waliohukumiwa kifo aliyaacha bila kuyaamua, na kwa hilo alilaumiwa, nadhani kwa haki.

Alichokuwa huru kukifanya ni kuzungumza na kupendekeza. Septemba 2004 alizuru Tanzania, kisha Johannesburg, mbele ya Bunge la Afrika, akatoa wazo la kuunganisha hospitali na vyuo vya Afrika na vya India kwa setilaiti na nyaya. Mtandao huo ulizinduliwa 2009, miaka miwili baada ya yeye kuondoka madarakani.

Jingine linalosambazwa kila Oktoba: kwamba Umoja wa Mataifa ulitangaza siku yake ya kuzaliwa kuwa Siku ya Wanafunzi Duniani. Siku hiyo haimo katika orodha ya siku za Umoja wa Mataifa. Watu wanaiadhimisha kwa mapenzi yao, na hilo linatosha.

Baada ya urais alirudi kufundisha na kuzunguka vyuoni. Tarehe 27 Julai 2015, akiwa na miaka 83, alisimama mbele ya wanafunzi mjini Shillong kuzungumzia namna ya kuifanya dunia iendelee kufaa kuishi. Alikuwa amezungumza dakika chache tu alipoanguka jukwaani. Alizikwa Rameswaram siku tatu baadaye. Reli ya Dhanushkodi, ile aliyokuwa akidakia mafurushi ya magazeti, haikuwepo tena. Kimbunga cha Desemba 1964 kiliisomba, na siku ile ya mazishi treni zilikuwa zikiishia Rameswaram.